Mteja Akililia Wembe

Wembe wa kukunja, yaani ule wenye bapa refu la chuma linalofichwa ndani ya mpini wake, ukiagizwa kwa fundi wa mkono humpa mteja uhuru wa kuchagua kila kitu, na uhuru huo ndio chanzo cha maafa madogo ambayo gharama yake hulipwa na shavu. Mteja aliyekwisha kutazama picha za nyembe nzito za Sheffield, nchini Uingereza, za karne ya 19 na zile nyepesi za Solingen, nchini Ujerumani, hutaka wake uwe na sifa za zote mbili, ingawa chuma hakijajaliwa kipaji cha kuwa kinene na chembamba kwa wakati mmoja.

Balaa huanzia kwenye upana, ambao hupimwa kwa sehemu za nane za inchi. Bapa la 5/8, yaani milimita 16 hivi, huwatosha watu wengi. Lakini mteja huagiza la 8/8, milimita 25, kwa kuwa linapendeza kwenye mchoro, kisha mbele ya kioo hugundua kwamba haliwezi kupita chini ya pua bila pua yenyewe kusogea. Aidha, upana ukiongezeka, mgongo, ambao ni ukingo mnene ulio mkabala na makali, hauna budi kunenepa pia, kwani wakati wa kunoa hulala juu ya kinoo pamoja na makali, na uwiano wa unene na upana ndio unaoamua pembe ya makali. Mteja anayeagiza mgongo huo uchongwe nakshi ubavuni husahau kwamba kila anaponoa atakuwa akizisaga, pamoja na fedha alizozilipia.

Mpini nao ukiwa wa mpingo, mti ambao ubao wake ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mteja akiutaka mnene ili uonekane, wembe ukifunguliwa huelemea upande wa mpini na kumpa mnyoaji kazi ya kushindana nao. Isitoshe, tanuri haliheshimu mchoro wa mtu: bapa likipashwa hadi nyuzi 800 hivi na kuchovywa katika mafuta ili ligumuke, upande mwembamba hupoa kabla ya mgongo, na bapa huweza kupinda, ndiyo maana fundi mwenye busara huahirisha sehemu kubwa ya kusaga hadi baada ya moto.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, na fundi aliyekwisha kupokea malipo ya awali huutii usemi huo bila ubishi. Kwa hiyo mwenye nia ya kuagiza aombe bapa la 5/8, mgongo mtupu na mpini mwembamba, fedha zitakazobaki azinunulie kinoo na mkanda wa ngozi wa kunolea, na nakshi zote azielekeze kwenye kasha, ambalo halikutani na jiwe wala shavu.