Cheti cha Kifo cha Jitu la Angani

Mabibi na mabwana, kaeni kimya: Bingwa wa Mabingwa wa bunilizi za kisayansi amepanda jukwaani. Cheo hicho alijitunukia mwenyewe, na chuo alichosoma haulizwi. Leo anatoa fundisho moja tu: kila siri katika ulimwengu wa kubuni ni deni la mwandishi, na deni hulipwa.

Anaanza na Star Wars. Mwaka 1977 watazamaji waliambiwa kwamba Nguvu imeenea katika kila kilicho hai, wakaridhika, maskini! Ilibidi wangoje hadi 1999, katika The Phantom Menace, shujaa Qui-Gon Jinn alipomtoa mtoto Anakin damu ili vihesabiwe vijidudu viitwavyo midikloriani. Vilizidi 20,000, hata mwalimu mkuu Yoda hakufikia. Kilichokuwa imani sasa kinapimwa kwa tone la damu, kama malaria. Bingwa anapiga makofi peke yake.

Mwaka 1980, adui Darth Vader alipojitaja kuwa baba yake Luke, shujaa wa filamu hizo, Bingwa anauruka. Ufafanuzi ule haukupunguza kitu, uliongeza maswali. Kwa hiyo hauhesabiki.

Anawageukia Waklingoni wa Star Trek. Katika miaka ya 1960 vipaji vyao vya uso vilikuwa laini. Katika filamu ya 1979 vikaota matuta. Mwaka 1996, katika Deep Space Nine, Mklingoni Worf aliulizwa sababu, akajibu kwamba hilo hawalizungumzi na watu wa nje. Watazamaji walicheka. Bingwa hakucheka. Mwaka 2005 mfululizo wa Enterprise ulitumia vipindi viwili kueleza kwamba ni virusi vilivyotokana na jeni za binadamu. Utani ukazikwa kwa heshima zote.

Lakini kilele ni Alien ya 1979. Ndani ya meli ngeni, mabaharia wa anga wanakuta maiti ya jitu limekalia kiti chake, limegeuka jiwe, mbavu zimepasuka kuelekea nje. Ni nani huyu? Hakuna anayejibu. Watu walitetemeka miaka 33 bila hata cheti cha kifo! Ndipo mwaka 2012 Ridley Scott mwenyewe akarudi na Prometheus: ule mwili wa ajabu ulikuwa vazi tu, na aliyevaa ni jamaa mweupe pee, mwenye kipara na jeni kama zetu. Anga isiyotujua wala kutujali ikageuka ukoo. Mwaka 2017 Alien: Covenant ikaongeza kwamba lile dude la Alien lenye damu ya tindikali, linalozaliwa kwa kupasua kifua, liliundwa na David, roboti lililotengenezwa na binadamu.

Kijana mmoja wa safu ya nyuma ananyoosha mkono. Covenant inatokea mwaka 2104, anasema, na Alien mwaka 2122. Kama dude liliundwa na David, jitu lile liliuawa na nani, na lilipata wapi muda wa kugeuka jiwe?

Bingwa anafuta miwani, anakunywa maji, kisha anatangaza kwamba swali hilo linahitaji filamu nyingine tatu.