Risala kwa Posista

Ndugu mgeni rasmi, Posista,

Sisi wamiliki wa vibanda vya michezo hapa Magomeni (kwa kweli niko peke yangu, ila risala haiandikwi kwa "mimi") tunayo furaha isiyo kifani kukukaribisha juu ya meza hii, ukiwa umepasuka katikati na kunuka kama ukucha uliochomwa.

Ukoo wako ni wa heshima. Mwaka 1939 Wajerumani walitega baharini mabomu yanayolipuka yakihisi sumaku ya chuma cha meli. Waingereza wakazizungushia meli zao nyaya zenye umeme ili kuifuta sumaku hiyo, na kazi yenyewe wakaiita kwa jina la Gauss, mwanahisabati ambaye naye alikuwa Mjerumani. Kutoka manowari hadi mashine yangu ya Street Fighter II, wewe kidonge cheusi usiyezidi kifungo cha koti!

Wajibu wako wageni waalikwa wanaujua, lakini tuurudie. Nyuma ya kioo kuna bati lenye matundu yasiyohesabika, linaloelekeza miale mitatu, kila mmoja kwenye rangi yake. Bati likishika sumaku, mwale wa nyekundu hutua kwenye kijani, na mpiganaji wa mchezo, Ryu, aliyevaa nguo nyeupe, akifika kona ya kushoto anakuwa na rangi ya embe bichi. Ndipo unapoingia wewe. Mashine ikiwashwa ungali baridi, unauachia umeme wote uende kwenye koili iliyozunguka kioo: dummm! Picha inatikisika. Kisha unapata moto, unaubana umeme wimbi baada ya wimbi hadi unakaribia kwisha, na sumaku imekwisha nao. Haya yote kwa sekunde chache. Saa zote zinazobaki unakaa tu, umepata joto, kama mjumbe aliyekwisha saini posho.

Una sifa nyingine. Huna makuu. Bei yako ndogo. Ukizimwa na kuwashwa papo hapo hukubali kazi mpaka upoe robo saa hivi, na katika mtaa ambao umeme unakatika na kurudi kabla chai haijapoa, tunakupongeza kwa kutetea haki ya mapumziko.

Lakini sifa yako kuu, ndugu mgeni rasmi, ni kulisha watu. Ulipopiga shoti, fyuzi ikawa inaungua kila nikiwasha. Fundi wa kwanza alichomoa plagi ya koili, fyuzi ikatulia, akasema, "Imepona, mzee." Elfu thelathini. Kwa makadirio yetu hizo ni bati mbili za kuezekea. Miezi ikapita, koili haifanyi kazi, na juu ya kasha nilikuwa nimeweka spika kubwa (hilo ni kosa langu, lisiandikwe kwenye kumbukumbu). Doa la kijani likaota kwenye kioo. Fundi wa pili alisimama mlangoni, akakikodolea macho, akatangaza, "Kioo kimekufa, mzee." Elfu ishirini za kuja kuangalia: daftari za mtoto, na kalamu. Wa tatu alinifungia posista ya runinga ya volti 230, wakati mashine yangu ni ya Marekani, inakula volti 120 kupitia transfoma. Koili ikakohoa kidogo kama mgonjwa anayeomba maji. "Sasa hapo ni kioo," naye akasema. Elfu arobaini, huo ni mchango wa harusi. Nani mwingine mtaani, kwa umbo la kifungo, ameezeka, amesomesha na ameoza?

Jamani, mita! Mita wanayo mfukoni, wote watatu! Pima koili, pima posista ikiwa baridi, ni dakika tano! Wa pili hata mgongo wa mashine hakuufungua!

Samahani, mgeni rasmi. Turudi kwenye risala, sehemu ya changamoto.

Jumamosi nilizima umeme, nikasubiri, nikafungua mwenyewe. Koili ilikuwa nzima kabisa. Nikatafuta posista ya volti 120, nikaichomea, nikaishusha ile spika, nikawasha. Dummm. Ryu akatoka mweupe kama aliyetoka kwa dobi.

Changamoto iliyobaki ni moja. Fundi wa pili, alipotangaza kifo cha kioo, aliongeza kwa huruma kwamba anaweza kuniondolea mzigo: anipe elfu hamsini, aondoke na kasha lote. Nilikaribia kukubali. Jana jioni, nikiwa naandika risala hii, akapiga simu.

"Mzee, lile kasha bado unalo? Nimepata mteja, anatafuta kioo kizima cha inchi 19."