Uzio Wangu Yuko Darasa la Tano

Zamani hapa kijijini Chunyu hakuna aliyekuwa na uzio wa mbuzi. Kila nyumba ilikuwa na mjukuu. Unampa fimbo, kipande cha muhogo wa kuchoma na vitisho viwili vitatu, anatoka na mbuzi asubuhi, anarudi nao jioni, na mbaazi za jirani zinabaki za jirani. Uzio ule ulikuwa na miguu, macho na koo la kupigia kelele, na ukikua na kuoa ulizaliwa mwingine. Januari 2016 elimu bila malipo ikaanza, watoto wakaandikishwa kwa wingi, na huyu wa kwangu sasa yuko darasa la tano anapima pembe za mstatili. Sina ugomvi na elimu. Nauliza tu: mbuzi nao walipangiwa nini?

Tangu hapo kila mtu ni mtaalamu wa uzio, hasa wale ambao hawajawahi kufuga hata njiwa. Mpwa wangu wa Dar es Salaam alipokuja msibani alinionyesha kwenye simu yake mnyama anayeitwa alpaka. Ni ndugu wa mbali wa ngamia, kwao ni milima ya Andes, huko Peru na Bolivia, na sasa Wazungu wanamfuga kwenye vishamba vyao kwa ajili ya sufu.

"Mjomba, tatizo lako si uzio," akasema. "Tatizo ni aina ya mnyama."

Akanisomea. Uzio wa alpaka unatosha ukiwa na urefu wa mita moja na nusu hivi, na shabaha yake kubwa ni kuzuia mbwa wasiingie, maana mwenyewe hana haraka ya kutoka. Seng'enge haifai, itanasa sufu na kumchubua. Nikalitazama lile linyama lenye shingo ndefu. Limesimama kando ya waya, majani mabichi yako upande wa pili, nalo halifanyi lolote. Nilidhani linaumwa. Mpwa wangu akaniambia ndivyo lilivyo, lina adabu. Tena binamu yake mkubwa, lama, huwekwa katikati ya kondoo ili awalinde. Yaani kuna nchi mfugo unaajiriwa ulinzi, na mimi hapa natafuta mlinzi wa kuwalinda watu dhidi ya mfugo wangu.

Mbuzi hawana adabu hiyo. Ukimjengea mbuzi uzio, umempa kazi.

Nilianza na seng'enge. Muuza duka wa Ruangwa mjini aliisifu mpaka nikaona aibu kuuliza bei ya kitu kingine, na robota likaja kijijini kwa bodaboda. Hakuniambia kwamba seng'enge ilitengenezewa ng'ombe. Yule Mmarekani Joseph Glidden alipoisajili mwaka 1874, mawazo yake yalikuwa kwenye ng'ombe wa mbugani, wenye vifua vipana na akili za wastani. Hakuwahi kukutana na beberu wangu. Huyu husimama mbele ya nyuzi akazisoma. Huchagua nafasi kati ya uzi wa kwanza na wa pili kutoka chini, hulaza pembe upande mmoja, huingiza kichwa, kisha bega, kisha hupiga magoti ya mbele na kiwiliwili chote kinafuata. Akishapita hujitikisa, anageuka kuniangalia, na kwenye mwiba ameacha kishungi cha manyoya, risiti kwamba amepita.

Nyavu za chuma ni bora, wanasema. Kweli ni bora, isipokuwa mbuzi mwenye pembe huingiza kichwa kwenye tundu kwa urahisi, kisha pembe zinamkatalia kurudi. Hapo hulia kwa sauti inayofanya kijiji kizima kitoke kuja kuangalia unamchinja nani. Ukimnasua, anatembea hatua nne na kuingiza kichwa kwenye tundu jingine.

Nguzo nazo ni msiba wa peke yake. Mti laini mchwa wanaumaliza kabla hujamlipa fundi, hata ukiupaka oili chafu. Mpingo mchwa hawauwezi, lakini mpingo haukatwi kwa kujisikia. Una vibali vyake, na kibali cha kuukata mpingo kwa ajili ya kumzuia mbuzi sitaki hata kukiomba, watanicheka. Kuna uzio wa umeme wa jua, nao una sharti lake: ili mnyama apigwe vizuri, ardhi lazima iwe na unyevu wa kurudisha umeme. Kwetu kuanzia Juni mpaka mvua za Desemba ardhi ni kavu kabisa, na ndiyo miezi ambayo mbuzi wanazurura.

Wazee wa Nachingwea wanakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ule ulioanza 1947 na kuachwa 1951 baada ya kula mamilioni ya pauni. Kwenye mpango ule walifunga mnyororo wa meli kati ya matrekta mawili wakawa wanang'oa msitu kwa kuuburuza. Wataalamu wanaucheka mpango wote, lakini mimi ule mnyororo nauheshimu. Hicho ndicho kifaa pekee nilichowahi kusikia ambacho ningemfungia beberu wangu nikalala.

Maana kamba ya kawaida nayo ni hadithi. Watu hupenda kusema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, hasa wanapomzungumzia mtu mwenye ofisi. Aliyetunga methali hiyo hakumfunga mbuzi kwa kamba ya katani. Wangu huanza na kamba yenyewe, akimaliza ndipo anakwenda kwenye mbaazi. Ukimfunga kwa ya nailoni, anazunguka mkorosho mpaka shingo yake na shina vinagusana, na unamkuta saa nane mchana ananing'inia huku anakulaumu kwa macho.

Uzio unaonipa matumaini ni wa miti hai. Minyaa mbuzi haigusi, kwa sababu utomvu wake mweupe unaunguza, na ukikuingia jichoni utajua hujui. Mbono kaburi nao hawautaki. Ndio ule mbono uliosifiwa miaka ile kwamba utaendesha magari, ukaleta wawekezaji mpaka Kilwa, wakaja wakaondoka. Magari yameendelea na dizeli, lakini kwa wigo mti huo haujawahi kumdanganya mtu. Shida ni muda. Vipando vinataka misimu kadhaa kushikana, na katika misimu hiyo mbuzi hupita katikati yake kama wageni rasmi kwenye gwaride. Kwa hiyo nimepanda minyaa nje, na ndani nimesimamisha fito zilizobanana, zifanye kazi mpaka minyaa ikue. Usiku wanalala kwenye banda la kuinuliwa lenye sakafu ya fito, maana fisi hahitaji mlango. Na tembo tusimzungumzie. Tembo hupita kwenye uzio bila habari kwamba palikuwa na uzio.

Nikiri jambo moja kuhusu shule. Nilichora eneo la mita 40 kwa 10. Mjukuu akaja na daftari lake: "Babu, mzingo wake ni mita 100. Ukifanya 20 kwa 20, eneo ni lile lile mita za mraba 400, lakini mzingo ni 80." Mita 20 za fito nimeziokoa kwa daftari. Nikamwambia sasa ashike panga akakate hizo 80. Akasema ana mazoezi ya kumaliza.

Ugumu wenyewe uko kwenye kalenda. Desturi yetu ni kwamba mahindi yakishavunwa mbuzi wanaachiwa. Lakini mbaazi huchelewa. Mahindi yameshaingia ghalani, zenyewe bado ziko shambani mbichi, zinanukia. Zikiisha hizo, mabibo yanaanza kuanguka chini ya mikorosho, na kwa mabibo hakuna uzio. Watu wazima wenye akili zao huruka wigo kufuata uraka, pombe ya mabibo hayo, sembuse mbuzi.

Sasa mbuzi akila, unaitwa kwa mtendaji wa kijiji, na thamani ya alichokula inafuata bei. Mwaka 2017 India ilipobana uingizaji wa mbaazi, bei ikaporomoka huku kwetu, na jirani yangu alikuwa akiniambia, "Waache wale, mzee mwenzangu, angalau mtu anazila." Siku hizi mbaazi ziko mnadani, jirani anasikiliza bei kwa simu, na mbuzi wangu hawezi kunusa jani bila kupigiwa hesabu kwa kilo. Mbuzi ni wale wale, tumbo ni lile lile, ila faini inapanda na kushuka pamoja na mnada.

Nikamwambia mtendaji: basi na uzio uende hivyo hivyo. Bei ikianguka, nijenge peke yangu. Bei ikipanda, mwenye mbaazi alete nusu ya fito na misumari, kwa sababu kinacholindwa ni mali yake, si mbuzi wangu, ambao hawana hofu na chochote. Jirani akasema hajawahi kusikia haki ya namna hiyo. Mtendaji akasema hoja ni nzito, ataitisha kikao. Mbuzi hawajaalikwa, lakini sina shaka watafika kabla ya akidi.