Heko, Chuo cha Miji Mitatu

Wengine na wasifiwe kwa kumbi na maktaba zao. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire (Kongo ya leo), UNAZA, kinastahili sifa kubwa zaidi: kilimfundisha mwana wa Ubwari, rasi ya Ziwa Tanganyika, ramani ya nchi kabla hajafungua daftari.

Hapo awali mambo yalikuwa mepesi mno. Lovanium ya Wakatoliki ilikuwa Kinshasa tangu 1954, chuo cha serikali kilikuwa Lubumbashi, na mwaka 1963 Waprotestanti wakafungua chao Kisangani. Mwaka 1971 Rais Mobutu akaviunganisha vyote vitatu, na masomo yakagawiwa miji: udaktari na sheria Kinshasa, fasihi, sayansi za jamii na tiba ya mifugo Lubumbashi, saikolojia na ualimu Kisangani.

Raha iliyoje! Kijana wa Baraka, mji ulio jirani na Ubwari, aliyefaulu mtihani wa Leta, yaani mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, hakuumiza kichwa kuchagua mji. Akitaka kutibu watu, basi ni Kinshasa, kilomita 1,500 hivi kwa njia ya ndege, ajifunze Kilingala kwanza ndipo afike kwenye mifupa na mishipa. Akitaka kutibu ng'ombe, apande boti hadi Kalemie, kisha gari-moshi: Kabalo, Kamina, Lubumbashi. Aliyependa saikolojia alipewa msitu mzima wa kuvuka, na Kisangani alifika akiwa amekwisha kuchunguza tabia za madereva, askari wa vizuizi na nafsi yake mwenyewe.

Tena chuo hiki kilidumisha undugu. Watoto wawili wa mama mmoja, huyu wa sheria na yule wa fasihi, walisoma chuo kimoja wakaandikiana barua.

Wenye ulimi mbaya hukumbusha kwamba tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi waliandamana Kinshasa wakapigwa risasi, na kwamba Juni 1971 wale wa Lovanium waliingizwa jeshini kwa nguvu, miezi michache tu kabla ya taifa kupata chuo hiki kimoja. Wivu huo! Serikali iliona tu kwamba mwanasheria na mwanasosholojia husoma vizuri zaidi wakitenganishwa na mamia ya kilomita. Umoja wa chuo ulikuwa wa rekta; wanafunzi walibakiziwa utengano.

Mgao wa nafasi za chuo kwa mikoa nao usisahauliwe. Alama nzuri peke yake ni kitu cha majivuno. Ilifaa mwombaji aulizwe pia ametoka wapi, na kama fungu la kwao halijajaa.

Neema hii ilikoma mwaka 1981, UNAZA ilipovunjwa, kila mji ukarudishiwa chuo chake. Tangu hapo, mwana wa Baraka anayetaka kubahatisha Kinshasa na Lubumbashi kwa pamoja hutengeneza dosiye mbili: picha mara mbili, mihuri mara mbili, na baba yake huuza dagaa mara mbili.