Sifa za Mwali wa Mtandaoni

Wapo wanaosifu bahari, wapo wanaosifu wachumba. Mimi nasifu tangazo: "Anahitajika mwandishi wa skripti. Uzoefu si lazima. Tuma kazi inboksi. Malipo maelewano." Nimelijibu mara sita na bando limeniishia mara sita, kwa hiyo nasifu ninachokijua.

Sifa yake kuu ni haya. Zamani huku pwani mwali aliwekwa ndani asionwe na mtu, lakini huyu amewapita wote. Kampuni haina jina. Ofisi haina mtaa, wakati hapa Ngamiani, Tanga, barabara zimepewa namba ili hata mgeni wa jana asipotee. Uliza filamu itaonyeshwa wapi, anainamisha kichwa. Uliza bajeti, anajifunika uso. Thubutu kutaja mkataba, anakimbilia chumba cha ndani na kukomea mlango, nawe unabaki sebuleni na tiki mbili za buluu. Tena mahari anapokea: skripti ya kurasa 90. Kilemba ni muhtasari, mkaja ni wasifu wa kila mhusika. Vyote vimefika, na bado hajatoa hata kidole kipakwe hina. Adabu hiyo makungwi wa Pangani hawaifundishi.

Sifa nyingine ni ndogo ndogo. Halibagui. Halichoki. Na linahimiza fasihi: Shaaban Robert, mtoto wa Vibambani, alifariki 1962 bila kuambiwa hata mara moja "tuma sampuli tuione kwanza." Maskini, huenda angeandika zaidi.

Tangazo la nne lilitaka sini moja tu. Nikalipatia harusi: bwana harusi anavuka mto Pangani kwenda Bweni, pantoni linazimika katikati, ngoma inalia ng'ambo zote mbili. Miezi minane baadaye nikaiona kwenye simu ya kinyozi, Chumbageni. Pantoni limekuwa bajaji, mto umekuwa foleni ya Dar es Salaam. Ngoma ni ile ile, na hata kikohozi nilichompa mjomba hawakukitoa! Nilitoka nikiwa nimenyolewa upande mmoja.

Wezi hawa si wajinga. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda maandishi, wazo haililindi, ndiyo maana huanza na "tupe wazo tu, ndugu yangu." Wanajua pia kwamba Bodi ya Filamu itataka kuona muswada kabla ya kutoa kibali, yaani bila karatasi zangu hawana filamu. Lakini mpiga kamera asipolipwa anaondoka na kamera yake. Mwenye jenereta hawashi kwa ahadi. Hata mpika pilau wa lokesheni anadai ya mchele asubuhi. Mimi nikigoma naondoka na nini? Nilichokuwa nacho nilishakituma inboksi, tena kwa bando langu.

Vijana huniuliza wajibu au wasijibu. Jibuni, nawaambia, lakini kurasa tatu zatosha, na kabla ya hizo tatu ulizeni jina, mtaa, na malipo ya kwanza ni lini. Mwali mwenye wazazi hatakasirika kuulizwa kwao.

Jana usiku limetokea la saba. Linataka kisa cha harusi ya pwani, "chenye vichekesho." Nimeandika: mko mtaa gani?

Tiki mbili. Buluu.