Jinsi ya Kuchangia Joto Lako Silfra

Maji ya Silfra, ule ufa mrefu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Thingvellir nchini Aisilandi, yana nyuzijoto 2 hadi 4 mwaka mzima. Yametoka kwenye barafuto ya Langjökull, yakachujwa na miamba ya volkano chini ya ardhi kwa miongo kadhaa, na muda wote huo hakuna aliyeyaonea huruma. Wewe umezoea bahari ya Pemba, ambayo hata kusi likivuma hubaki na nyuzijoto 25 hivi. Una 37 zako mwilini na nauli umeshalipa. Ni wakati wa kutoa.

Kazi yenyewe ni nyepesi, kwa kuwa maji hupokonya mwili joto kwa kasi ya mara 25 hivi kuliko hewa yenye baridi ileile. Shida ni wenyeji wako. Pale Silfra hawamruhusu mtu kupiga mbizi bila suti kavu, ile inayozuia maji kabisa, na watakudai cheti au kumbukumbu za kuonyesha kwamba umewahi kuzamia nayo. Bishana nao. Waambie unayo suti yako ya milimita 3, na kule kisiwani Mnemba haijawahi kukuangusha. Suti ya aina hiyo huruhusu maji kidogo kupenya, lakini kinachokinga hasa ni vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya mpira wake. Aliyegundua siri hiyo ni Hugh Bradner, mwanafizikia wa Berkeley, Marekani, mnamo mwaka 1952, na tangu hapo amewapunguzia wengi mchango. Bahati nzuri, ukishuka mita 10 tu mgandamizo unakuwa maradufu ya ule wa juu, vipovu vinasinyaa hadi nusu, na suti yako ya milimita 3 inabaki jina.

Wakikushinda kwenye mabishano, usikate tamaa. Suti kavu nyingi ni ganda tu. Joto linatunzwa na nguo za ndani pamoja na hewa iliyonaswa humo. Basi vaa pamba. Fulana nzito ya pamba, suruali ya jinzi ikiwezekana, kisha ufunge zipu mapema na kuzungukazunguka nchi kavu ukipiga picha, hadi jasho likutoke. Pamba ikishalowa haikingi chochote. Wale wanaovaa sufu na kufunga zipu dakika ya mwisho ni wabahili. Sufu hukinga hata ikiwa na unyevu.

Halafu kuna mipira ya shingoni na mikononi, inayobana ngozi ili maji yasipenye. Hapo ndipo penye fursa kubwa. Acha ukingo wa mkono wa sweta uchungulie chini ya mpira, au unywele mmoja shingoni. Maji hayahitaji mlango, yanahitaji njia, na baada ya robo saa utayasikia yamefika kiwikoni, ukiwa bado hujui yameanzia wapi. Kucha ndefu nazo zina baraka zake, maana zinaweza kuchana mpira kabla hata hujafika ngazini.

Ukishazama, suti itakubana kadiri unavyoshuka. Kifuani kuna kitufe cha kuongeza hewa kutoka kwenye mtungi. Usikiguse. Suti ikikugandama vizuri, sufu yote (ikiwa ulidanganyika ukaivaa) inalala bapa bila hewa, na joto lako linapita moja kwa moja.

Kichwani watakupa kofia ya mpira. Kataa, umesuka juzi. Glavu wanazotoa pale kwa kawaida huingiza maji, kwa hiyo punga mikono bila kupumzika, ili maji uliyokwisha kuyapasha yatoke na mapya yaingie. Utawaona wazoefu wakimimina maji ya moto kutoka kwenye chupa ya chai ndani ya glavu zao kabla ya kuzama, kisha wakitulia mikono kifuani. Usiwaige.

Choo nacho kina wakati wake, yaani kabla. Baridi na mgandamizo wa maji husukuma damu kutoka miguuni na mikononi kwenda katikati ya mwili. Figo huona damu imezidi na kuanza kupunguza maji. Ndiyo maana mzamiaji hubanwa hata kama hakunywa kitu. Kwenye suti ya kawaida watu humalizia humohumo, wakapata joto la dakika moja na aibu ya siku nzima. Kwenye suti kavu hakuna maji ya kukusitiri. Wapo wanaovaa nepi, watu wazima wenye familia, na ninawaheshimu kuliko wanavyodhani.

Kinywaji kikali kabla ya kuzama ni mchango wa haraka kuliko yote. Hupanua mishipa ya damu karibu na ngozi, nawe unahisi joto kwa sababu linapita likitoka. Kifaa cha kupumulia nacho kisisahaulike: kipumulie ukiwa bado nje na ukibonyeze ovyo juu ya maji. Hewa inayotoka kwenye mtungi hupoa inapotanuka, barafu huweza kukwamisha kifaa kikiwa wazi, na mtungi mzima ukajimwaga.

Baadaye vidole vitakataa kushika, na mawazo yatakuwa mazito. Joto la ndani likishuka chini ya nyuzijoto 35, madaktari huacha kucheka. Wewe endelea kumwonyesha kiongozi ishara ya mambo safi, duara la kidole gumba na cha shahada, hata kama meno yanagongana.

Asiye na moyo wa kutoa kiasi hicho ajikumbatie na kusugua mabega, ndiyo ishara ya baridi. Kisha ainue kidole gumba mara tu anapoanza kutetemeka. Chini ya maji kidole hicho hakisemi mambo safi, kinasema tupande. Kikishainuliwa, mnapanda pamoja, na hakuna anayedai maelezo hadi mfike juu.