Kodi Imeshakuwa Saruji

Mtumishi wa Serikali aliyepanga nyumba Dar es Salaam mwanzoni mwa Julai 2016 alikuwa na kila sababu ya kulipa kodi ya mwaka mzima na kulala usingizi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulipitishwa mwaka 1973. Watoto waliozaliwa mwaka huo walikuwa wamesoma, wameajiriwa, wengine wameanza kuitwa babu, na wizara nyingi bado zilikuwa palepale, zikitazama bahari.

Mhasibu mmoja wa wizara, mama wa watoto wawili, alilipa hivyo huko Tabata: shilingi 250,000 kwa mwezi, mara 12, milioni tatu taslimu, zikahesabiwa mara mbili juu ya meza yenye kitambaa cha vishada. Juu ya hapo akamlipa dalali kodi ya mwezi mmoja kwa kazi ya kumwonyesha geti. Wiki chache baadaye Rais Magufuli akasimama Dodoma na kutangaza kwamba safari hii Serikali inahama kweli. Mwishoni mwa Septemba Waziri Mkuu Majaliwa akahamia huko. Mwaka mpya ulipoingia, barua ya uhamisho ikatua mezani kwa mhasibu: mwisho wa Februari awe ameshafunga mizigo.

Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa asiye mhasibu. Ilibaki miezi minne, yaani milioni moja kamili. Akajitanda khanga, akavuka uani kwenda kwa baba mwenye nyumba.

Mpangaji yeyote wa Bara anajua kwamba mazungumzo ya namna hii huanza vibaya kabla hayajaanza, kwa sababu huanza na shikamoo. Ukishamwamkia mtu shikamoo na akakuitikia marahaba mwanangu, ni vigumu sana sentensi inayofuata iwe ya kumdai milioni moja. Mhasibu alijitahidi. Alizunguka kwenye hali ya hewa, kwenye mguu wa mzee unaouma, kwenye maji ya DAWASCO yasiyotoka, mwisho akafika Dodoma.

Mzee alicheka kwa huruma.

"Mwanangu, mimi hiyo Dodoma nimeanza kuisikia nikiwa kijana nafuga nywele. Watakwenda, watakula zabibu, watarudi. We tulia kwenye nyumba yako."

Alipoona barua yenye muhuri wa wizara, kicheko kilikoma na miwani ikatoka. Aliisoma mpaka kwenye "Nakala kwa". Kisha akaingia ndani na kurudi na mkataba.

Mkataba huo Watanzania wengi wanaujua, kwa kuwa takriban wote tumesaini ndugu zake. Hununuliwa steshenari, umeshachapwa, una nafasi za nukta za kujaza majina, na umetolewa kopi ya kopi mpaka herufi za pembeni zimekwisha. Wajibu wa mpangaji ulijaza ukurasa mmoja na nusu: asifuge mbwa, asipige muziki, asipangishe mwingine, asigongomee misumari. Wajibu wa mwenye nyumba ulikuwa sentensi moja, nayo ilisema anaweza kuingia kukagua wakati wowote. Mzee aliweka kidole kwenye kipengele cha saba: kodi ikishapokelewa haitarudishwa kwa sababu yoyote ile. Mhasibu akaweka chake kwenye cha tisa, kinachosema mpangaji anayetaka kuhama atatoa taarifa ya miezi mitatu. Ukihama kwa taarifa, pesa inakwenda wapi? Karatasi haikusema. Wakabaki wote wawili wameshika karatasi moja, kila mmoja kidole chake, mama mwenye nyumba akiwatazama kutoka kwenye friji lake la barafu za ubuyu.

Zamani kulikuwa na mahali pa kukimbilia. Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984 ilimbana mwenye nyumba kwenye kiwango cha kodi na kwenye kumtoa mpangaji. Ikafutwa mwaka 2005, na mambo ya pango yakabaki mikononi mwa Sheria ya Ardhi ya 1999, Sheria ya Mikataba, na hiyo kopi ya kopi. Mhasibu alikuwa na mdogo wake anayesoma sheria chuoni Mlimani, mwaka wa pili, umri ambao mtu anatamani kesi hata ya kuku. Kijana alikuja Jumapili, akala, akafungua kitabu na kumsomea dada yake kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba. Mkataba ukivunjwa, aliyeumizwa analipwa hasara yake, lakini inaangaliwa pia kama alikuwa na njia ya kuipunguza. Kwa lugha ya uani, mzee akipata mpangaji mwingine Machi hawezi kula kodi ya watu wawili kwa nyumba moja.

Dada alifurahi mpaka akamwongezea nyama. Kijana akageuza ukurasa. Mkataba wenyewe haukulipiwa ushuru wa stempu, akasema, na hati ya namna hiyo mahakamani haipokelewi kama ushahidi mpaka ushuru ulipwe pamoja na faini. Halafu kesi za nyumba huanzia kwenye mabaraza ya ardhi yaliyowekwa na sheria ya mwaka 2002, hukohuko Dar es Salaam, naye wakati huo atakuwa Dodoma, karibu kilomita 450, enzi ambazo treni ya umeme ilikuwa bado mchoro. Nauli ya kwenda na kurudi kila kesi inapoahirishwa ingeimaliza ile milioni kabla ya Pasaka.

Sheria ilikuwa upande wake, ila ilikaa mbali.

Siri ya mambo yote ilikuwa kwenye daftari la mzee. Alilifungua mbele ya mpangaji kwa nia njema kabisa, akitaka kumwonyesha kwamba si mwizi. Lilikuwa daftari la mistari la watoto wa shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Upande wa kushoto ameandika vilivyoingia, upande wa kulia vilivyotoka. Kushoto, tarehe ya Julai, jina la mhasibu na milioni tatu. Kulia, kuanzia siku iliyofuata: saruji, nondo, kokoto tipa mbili, fundi Chanika, maji boza moja, fundi tena, chakula cha fundi, binding waya. Chini kabisa ilibaki shilingi 18,500, nayo ilikuwa imekatwa mstari na kuandikwa "dawa ya mguu".

"Sasa niambie mwenyewe," mzee akasema, "ukutani nibandue wapi?"

Hapo ndipo wanaowalaani baba wenye nyumba kwa ukatili wanapokosea kidogo. Wapo makatili, hilo halina ubishi. Lakini mkopo wa nyumba wa benki kwetu ni wa watu wachache wenye mishahara na hati, na mstaafu mwenye kiwanja Chanika hana mahali pengine pa kupata milioni tatu kwa mkupuo isipokuwa kwa mpangaji. Kodi ya mwaka ni mkopo wa ujenzi usio na riba, unaotolewa na mtu ambaye yeye mwenyewe hana nyumba. Mzee hakukataa kurudisha. Hakuwa nayo. Milioni moja ya mhasibu ilikuwa imesimama Chanika, imefika kwenye usawa wa madirisha, na ilikuwa inasubiri lenta.

Kenya walipanga ugomvi wao kwa namna nyingine. Nairobi mpangaji hulipa mwezi kwa mwezi na kuweka dipositi, kwa hiyo anayehama mapema hapotezi mwaka. Vita vinakuja kwenye dipositi. Mwenye nyumba anaidai kwa ajili ya rangi, kwa ajili ya sinki, kwa ajili ya kitasa ambacho kilikuwa kibovu tangu mpangaji wa kwanza, na keyateka, yaani mtunza nyumba, anashuhudia kila kitu kwa upande unaomlipa. Ndiyo maana wapangaji wengi wa kule huila dipositi yao wakiwa bado ndani: mwezi wa mwisho hawalipi, wanasema ikatwe humo. Na sheria yao ya kudhibiti kodi ipo hai, Sura ya 296, ila inamlinda anayelipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Mwenye chumba cha bei hiyo Nairobi leo amshukuru Mungu asiulize kuhusu rangi.

Tabata ikabaki njia ya ujirani. Mjumbe wa nyumba kumi akaitwa, akasikiliza pande zote, akashauri wapatane. Mwenyekiti wa mtaa akafuatwa ofisini kwake, akasikiliza pande zote chini ya picha ya Rais, akashauri wapatane na kuwakumbusha mchango wa ulinzi shirikishi. Mwishowe mhasibu akatoa wazo ambalo lilionekana kumfaa kila mtu: atafute mwenyewe mtu wa kuingia, mtu huyo amlipe yeye mhasibu ile miezi minne, mzee asiguse shilingi.

Mzee alikubali papo hapo. Kisha akaanza kuwakataa.

Wa kwanza, kijana wa benki, alikataliwa kwa kuwa kapera huleta wageni usiku. Wa pili alikuwa na mke, lakini watoto wanne watamaliza maji ya kisima. Wa tatu, muuguzi mpole, aliulizwa maswali ya ukoo mpaka akaomba ruhusa aondoke. Ilichukua muda mhasibu kuelewa. Kila mtu aliyemleta angeingia ndani kwa pesa aliyokwishalipa mhasibu, na baba mwenye nyumba angemkaribisha, angemfungulia geti na kumwonyesha bomba bila kuambulia hata mfuko mmoja wa saruji. Lenta ya Chanika ilikuwa inamkataa kila mmoja wao.

Aliyekata fundo hilo ni dalali, yuleyule wa mwanzo. Watu wanamsema vibaya dalali, nami siwazuii, lakini ndiye pekee katika kisa hiki aliyesoma daftari bila kulifungua. Alileta mama mwenye duka la vipodozi Kariakoo, akamwambia kodi imepanda kuwa 300,000, na akamtaka alipe mwaka mzima. Milioni tatu na laki sita zikawekwa mezani, juu ya kitambaa kilekile. Mzee akapata lenta yake na bati za kuanzia. Mhasibu akapewa laki sita hapohapo, na laki nne zikaandikiwa karatasi kwamba zitafuata kwa simu, laki moja kila mwezi, mbele ya mjumbe aliyeomba ya soda. Dalali akachukua mwezi mmoja kwa mama wa vipodozi, kisha akamtazama mhasibu kwa macho ya mtu aliyesaidia. Akapata elfu ishirini.

Laki mbili kati ya zile nne zilifika. Moja ilifika pungufu ya ada ya kutuma. Nyingine mbili bado zina msiba Tanga.

Makabidhiano yalifanyika jioni ya kuondoka, na hapo mzee alirudi kuwa mwenye nyumba kamili. Alizunguka vyumba akihesabu matundu ya misumari kwa tochi ya simu ingawa taa zilikuwa zinawaka. Sebuleni alipata saba. Mhasibu akamwonyesha feni ya dari aliyoinunua na kuifunga kwa pesa yake, ambayo ameshamuuzia mama wa vipodozi kwa elfu arobaini. Mzee aliitazama ikizunguka. Feni ni ya mpangaji, akakubali, lakini ndoano inayoishika iko kwenye dari, na dari ni lake. Akapendekeza wagawane. Mjumbe, aliyekuwa amekuja kwa ajili ya soda ya pili, aliona hoja hiyo ina uzito.

Ilibaki LUKU, umeme wa kulipia kabla. Nyumba aliyopanga ilikuwa na mita yake, na ndani yake kulikuwa na yuniti 31 alizonunua mhasibu kabla mambo hayajaeleweka. Umeme wa LUKU haurudishwi, na mama wa vipodozi alisema hawezi kununua kitu asichokiona. (Mita hiyo ingekuja kuwa na visa vingine. Agosti 2021 kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, wapangaji nchi nzima walijikuta wakilipia majengo ya watu kila wanaponunua umeme, huku wakiambiwa wakaelewane na wenye nyumba. Walioelewana mpaka leo hawajajitokeza.) Mhasibu hakuwa tayari kumwachia mzee hata yuniti moja. Alitoa jiko la umeme kwenye boksi, akaosha kilo mbili za maharage na kuyabandika makavu, bila kuyaloweka. Alichomeka pasi akanyoosha mpaka mapazia aliyokuwa ameshayakunja. Watoto walichemsha maji ya kuoga, wakaoga, wakachemsha mengine.

Saa tatu usiku harufu ilivuka uani. Mzee alikuja na kandambili, akasimama mlangoni, akaiangalia mita inavyohesabu, akauliza kama kuna shughuli. Akakaribishwa kiti na sahani. Alikula taratibu, akasifu nazi, akasema chumvi imezidi kidogo, akafuta mdomo. Kisha akatoa daftari mfukoni mwa shati.

"Mwanangu," akasema, "pesa ya taka ya Februari hujatoa."